Neno la Kiingereza limegoma: jinsi ya kujua tatizo liko wapi

Hii ni kwa yule ambaye Kiingereza anakijua, grama yuko vizuri tu, anaandika imeili za kazini, ripoti, barua za maombi, lakini kila siku anakwama palepale: kuna maneno mawili matatu yanafanana, anachagua moja, halafu msomaji anauliza unamaanisha nini, au mbaya zaidi haulizi, anaelewa kitu kingine kabisa na mambo yanaendelea hivyohivyo. Wengi wakifika hapo wanajiambia msamiati wangu mdogo, wanaenda kukariri listi za maneno mapya, na tatizo linabaki kwa sababu halikuwa idadi ya maneno.

Mara nyingi chanzo ni kwamba neno moja la Kiswahili linafanya kazi za maneno manne ya Kiingereza na we shuleni ulipewa moja tu. Na sio kwamba Kiswahili ni maskini, upande wa pili nao wanapata tabu vilevile, Mwingereza ana "rice" moja tu kwa mpunga, mchele na wali, ana "uncle" mmoja kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa, akija kujifunza Kiswahili unamkuta mezani anaagiza mchele na kuku. Kila lugha imegawa vitu kivyake.

Kuna ushauri unasikika sana, eti acha kufikiri kwa Kiswahili. Mimi siukubali hata kidogo. Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili hawezi kukizima na wala hana haja, kinachotakiwa ni kukihoji: kabla hujavuka kwenda Kiingereza, lile neno la Kiswahili liseme kwa namna nyingine, kwa Kiswahili hichohicho, mpaka ibaki maana moja. Hapo ndo unachagua. Kuna dalili ambazo hii njia inazimaliza kabisa na kuna ambazo haigusi, tutaziona zote.

Dalili: kivumishi kimoja kinakaa kila mahali

Chukua "kali". Kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali, jua kali, pilipili kali, sheria kali, maumivu makali. Sisi hatuhangaiki, nomino inaeleza yenyewe ukali ni wa aina gani. Kiingereza hakina neno la hivyo. Sasa mtu kafundishwa kisu kikali ni "sharp", anaandika "our teacher was very sharp", na alichosema hapo ni kwamba mwalimu alikuwa na akili nyepesi, anashika mambo haraka, yaani kamsifia. Mwingine anakumbuka pilipili kali ni "hot", anaandika "our teacher was hot", hapo kasema mwalimu anavutia kimapenzi, na kama hayo ni maelezo ya tabia ya mwalimu kwenye barua rasmi basi barua imeharibika.

Rudi kwenye Kiswahili ujiulize: mkali vipi? Kama alikuwa anasimamia sheria, ukichelewa dakika moja unabaki nje, huyo ni "strict". Kama alikuwa anatisha, akikohoa tu darasa zima kimya, huyo ni "fierce". Kama adhabu zake zilikuwa kubwa kuliko makosa, huyo ni "harsh". Ona kwamba kazi yote ngumu umeifanya kwa Kiswahili, Kiingereza kimekuja mwisho kuweka jina tu.

Hii inakuwa nzito zaidi hospitalini, na nasema kwa wale wanaowatafsiria wazazi wao kwa daktari asiyejua Kiswahili. Mama anasema "nina maumivu makali". Kuna njia tatu za kuipeleka na kila moja inampa daktari picha yake. "Severe pain" ni kiasi, yaani yamezidi. "Sharp pain" ni aina, yale yanayochoma ghafla kama sindano. "Acute" kwa madaktari ni habari ya muda, kitu kimeanza ghafla na hakina siku nyingi, kinyume chake ni "chronic", kilichokaa muda mrefu, kwa hiyo maumivu ya mgongo ya miaka mingi yanaweza kuwa "chronic" na yakawa "severe" pia, hakuna mgongano hapo. Usikimbilie kutafsiri, mgeukie mama umuulize, yanachoma, yanabana, au yanapwita? Na akisema yanachoma usiishie hapo maana "kuchoma" nayo ina mawili, kuchoma kwa sindano ni "stabbing" na kuchoma kwa moto ni "burning", daktari akisikia "burning" tumboni anafikiria kitu tofauti na akisikia "stabbing". Yanayopwita ni "throbbing", yanayobana ni "tight" au "squeezing". Swali moja la ziada kwa Kiswahili linaweza kubadilisha vipimo atakavyoandikiwa.

Ndugu zake "kali" wapo wengi. "Refu": mtu, mti na ghorofa ni "tall", barabara, nywele na hotuba ni "long", mlima na ukuta ni "high", kisima ni "deep". Kilimanjaro ina mita 5,895 na ni "high mountain", ukiandika "long mountain" msomaji anaona kitu kimelala chini. "Zito": mzigo ni "heavy", uji ni "thick", jambo zito ni "serious". Halafu kuna zile ambazo hata ukihoji Kiswahili hupati jibu kwa sababu ni mazoea yao tu, mvua kubwa ni "heavy rain", upepo mkali ni "strong wind", foleni kubwa ni "heavy traffic", mafua makali ni "a bad cold". Hizi dawa yake ni moja, fungua kamusi ya wanaojifunza, lakini tafuta nomino, usitafute kivumishi. Ukitafuta "rain" utaona kwenye mifano imeambatana na nani. Watu wanafanya kinyume, wanatafuta "heavy", wanakuta maana kumi na mbili, wanafunga kamusi. Ukitaka ushahidi zaidi kuna hazina kubwa za maandishi halisi mtandaoni, ile ya Kimarekani inayoitwa COCA ina zaidi ya maneno bilioni moja, ya Kiingereza cha Uingereza BNC ina kama milioni 100, unaandika "strong rain" na "heavy rain" unaona mwenyewe ipi inatumika na wenye lugha. Kugugo kawaida pia kunasaidia ila usiangalie idadi ya matokeo, angalia nani kaandika.

Dalili: kitu kimeenda upande usio wake

"Borrow me your charger." "Please remember me to pay." "She learned me to cook." Hapa sababu inaonekana wazi ukiangalia vitenzi vyetu: kopa na kopesha, kumbuka na kumbusha, soma na somesha. Sisi tunaongeza kiungo mwishoni kitenzi kinageuka upande, mzizi unabaki. Wao wanabadilisha neno zima, "borrow" na "lend", "remember" na "remind", "learn" na "teach". Kwa hiyo kipimo unacho mdomoni: kama Kiswahili chako kina kile kiungo cha kusababisha, cha "-sha" au "-za", tafuta neno la pili.

Anayeleta shida ya kweli ni "azima", kwa sababu tunasema nimeazima kalamu na tunasema niazime kalamu, kitenzi kilekile pande zote mbili, hakuna kiungo cha kukuonya. Hapo uliza kitu kinaishia mkononi kwa nani. Kikija kwa mtenda ni "borrow", kikimtoka ni "lend". Na angalia kinachofuata, "lend" inapokea mtu moja kwa moja, "lend me", "borrow" inataka "from". Kodi ya nyumba hapohapo inatushangaza kwa kinyume, sisi tuna kupanga na kupangisha, wao "rent" inaenda pande zote mbili, mpangaji ana-"rent" na mwenye nyumba naye ana-"rent", ingawa Uingereza mwenye nyumba anaweza kusema "let", ndo maana mtaani London unaona vibao vya "To Let".

Kingine cha upande ni "nakuja". Unainuka kwenye kikao unatoka nje unasema nakuja, kila Mswahili anajua utarudi. Ukisema "I'm coming" huku unaelekea mlangoni Mwingereza anachanganyikiwa, anaona unaondoka. Sema "I'll be right back".

Dalili: sentensi inamruka mtu, au inambeba mtu isiyemtaka

"He said me." "He told that." "They stole me." "Simba won Yanga." Hizi ni familia moja na zinapendeza sana kuzitibu kwa sababu Kiswahili kina jibu tayari.

Sema na ambia. Huwezi kusema "ambia" bila mtu, lazima aliniambia, alimwambia. "Sema" inakaa bila mtu, alisema anaumwa, na ukiiwekea mtu maana inabadilika, alinisema, yaani kanisengenya au kanigombeza. Sasa "tell" ni ambia na "say" ni sema, sheria ileile: "he told me", "he said he was sick". Mtu anayejua kwanini "alinisema" sio "aliniambia" tayari anajua tofauti ya "say" na "tell", hakuna aliyemuonyesha tu kwamba anaijua.

Iba na ibia vilevile. Unaiba kitu, unamwibia mtu. "Steal" inafuatwa na kitu, "they stole the money". "Rob" inafuatwa na mtu au mahali, "they robbed me", "they robbed the bank". Ila hapa kuna kitu Kiswahili hakikuambii, "rob" mara nyingi inabeba nguvu au vitisho, kwa hiyo kama simu imechomolewa mfukoni kwenye daladala hukujua mpaka umeshuka, polisi wa nchi ya watu mwambie "my phone was stolen", ukisema "I was robbed" ataanza kukuuliza walikuwa wangapi na walishika silaha gani.

Shinda haina kiungo cha kukuokoa, tunashinda mechi na tunamshinda mtu. Weka sheria: kombe, mechi na tuzo ni "win", mpinzani ni "beat". Simba "won the match", Simba "beat" Yanga, na wa Yanga geuzeni wenyewe.

Angalia na tazama zipite haraka: kitu kinachosogea na unakifuatilia ni "watch", mechi, tivii, mtoto asianguke. Kitu kilichotulia unageuza macho ni "look at", picha, ukuta, saa. Na "see" ni ona, macho yamekutana nacho tu.

Dalili: ni neno la watu na undugu, na msomaji anapata picha mbaya

"I have a stranger at home." Mwandishi alitaka kusema ana mgeni. Msomaji kaelewa kuna mtu asiyejulikana kaingia nyumbani kwake. Mgeni kwetu ni heshima na ni neno pana, liseme upya: mtu ninayempokea na kumlisha ni "guest", mtu aliyepita kusalimia au aliyekuja kuangalia ofisi ni "visitor", mtu nisiyemjua ni "stranger", raia wa nchi nyingine ni "foreigner", na yule aliyeanza kazi juzi ni "new" tu, "she's new here". Na ukiwa ugenini umepotea njia unaweza kusema "I'm a stranger here", maana hapo ni kweli hujui mtu wala mtaa.

Mahari inahitaji utulivu kidogo maana watu wanaandika thesis na makala kuhusu ndoa zetu. Neno linalotumika sana Afrika Mashariki ni "dowry", na Kenya liko mpaka kwenye sheria, Sheria ya Ndoa ya 2014 inatumia "dowry". Kwa hiyo ukiandikia wakili Nairobi uko sawa. Lakini kwa msomaji wa India au Ulaya "dowry" ni mali inayotoka upande wa bibi harusi kwenda kwa bwana harusi, kinyume kabisa, ndo ile ambayo India iliipiga marufuku kwa sheria ya 1961. Ng'ombe wanaotoka kwa mwanaume kwenda kwa wazazi wa binti ni "bride price", na wanaanthropolojia wengi wanapendelea "bridewealth" kwa sababu ile "price" inafanya ionekane mtu ananunuliwa, na mimi niko upande wao. Halafu kuna mahari ya Kiislamu ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe, sio ya wazazi, hiyo iandike "mahr" ueleze kwa sentensi moja. Yaani hapa uliza tu, mali inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani.

Dalili: neno umelitoa kwenye kibao cha mtaani

Hapa kuhoji Kiswahili hakusaidii, kwa sababu neno lenyewe lilitoka Kiingereza, likaingia kwetu, likapata kazi nyingine, na sasa unalirudisha likiwa na kazi mpya. Saluni ya nywele ni "salon", lakini vibao vingi vimeandikwa "saloon", ambayo Uingereza ni aina ya gari dogo na Marekani ni baa ya zamani ya wachunga ng'ombe. Steshenari kwetu ni kiduka cha kuprinti na kutoa kopi, "stationery" kwao ni karatasi, bahasha na kalamu zenyewe, ukisema "I'm going to the stationery" hawakuelewi, sema "print shop" au "copy shop". Hoteli ya wali maharage ni "restaurant" au "café", "hotel" lazima pawe pa kulala. Buchari ni "butcher's", maana "butchery" kwa wengi nje ya Afrika inasikika kama mauaji. Tuisheni ya jioni ni "private lessons" au "extra classes", ukimwambia Mmarekani "I paid for tuition" anajua umelipa ada ya chuo.

Linaloumiza watu zaidi ni "field". Wanafunzi wa vyuo Tanzania wanaenda fildi, wakimaliza wanaandika kwenye CV "I did my field at a bank". Anayesoma nje haelewi, "field" kwake ni shamba, uwanja, au taaluma. Andika "internship", na kwa Kenya "attachment" inaeleweka. "Fieldwork" iache kwa kazi ya kukusanya data nje ya ofisi.

Kipimo cha haraka kwa kundi hili ni gugo upande wa picha. Andika neno, angalia picha zinazokuja. Ukiandika "saloon" ukaona magari na makaunta ya baa, umepata jibu bila kufungua kamusi.

Dalili: maana iko sawa lakini barua inasikika kama ya polisi au ya mahakama

Hii inawapata zaidi wanaopenda kubadilisha maneno madogo kwa makubwa ili waonekane wamesoma. Kiingereza kina tabaka. Wanormani walipoiteka Uingereza 1066 Kifaransa chao kikawa lugha ya wakubwa na mahakama kwa karne kadhaa, Kilatini kikawa cha kanisa na wasomi, maneno ya wananchi yakabaki chini yakiendelea na maisha. Ndo maana mfugaji ana "cow" na mezani kuna "beef", ana "sheep" na mezani "mutton". Na ndo maana kuna "ask", "question" na "interrogate", zote ni kuuliza, ila ya kwanza ni ya nyumbani na ya mwisho ina taa ya polisi usoni. Na sisi tunayo hiyohiyo: uliza, hoji, saili. Hakuna anayesema nimemsaili mama kama kuna chai.

Tumia hiyo hisia. Ukikuta "commence", "purchase", "assist", "reside", jiulize kwa Kiswahili ungetumia neno la kitabuni au la kawaida hapo. Mkataba unaweza ku-"commence". Kikao cha saa nne asubuhi kina-"start". Kamusi za visawe zinachangia sana kosa hili, Roget, daktari wa Kiingereza aliyetoa ya kwake 1852, aliyapanga maneno kwa mawazo ili mwandishi alitambue lile analolijua tayari, hakuahidi kwamba yanabadilishana nafasi.

Humuhumu ndani kuna maneno yanayobeba sifa au lawama. "Slim" inasifia, "skinny" inasema amekonda vibaya, "thin" iko katikati. Na kama unafanya biashara ya fanicha, bei nafuu usiiandike "cheap" kwenye tangazo, wengi wanasikia pia ubora mdogo, andika "affordable".

Dalili: kompyuta haijapiga mstari mwekundu lakini neno sio lenyewe

"Lose" na "loose", "quiet" na "quite", "principal" na "principle", "personal" na "personnel", "advice" na "advise". Na kama lugha ya nyumbani kwenu haitenganishi r na l, ongeza "pray" na "play", "correct" na "collect". Yote ni maneno halali, kikagua tahajia kinayapita. Hakuna nadharia hapa, andika listi yako ya yale yanayokutega wewe, sio ya mtu mwingine, na kabla hujatuma yatafute moja moja kwa kitufe cha kutafuta.

Dalili: umelinganisha weee, huoni tofauti

Basi inawezekana kabisa haipo, au ni ndogo kiasi kwamba msomaji hataiona. "Big" na "large" nyumba, "begin" na "start" kikao, "shut" na "close" mlango, yote yanapita. Mipaka iliyopo inaonekana kwenye mifano michache tu, gari na mashine una-"start", huwezi kui-"begin", na kaka yako mkubwa ni "big brother", sio "large". Kama sentensi yako haimo kwenye hiyo mifano, weka lililokujia kwanza utume imeili.